Tulikoimbia Kabla ya Kupata Ukumbi



Kamati ya Jubilei iliponipa kazi ya kuandika historia ya kwaya, nilidhani ni kazi ya wiki moja. Nilikabidhiwa sanduku la bati lenye madaftari ya kumbukumbu za mikutano tangu kwaya ilipoanza, nikaketi nayo wakati wa likizo ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Nilitarajia kukuta majina ya nyimbo, michango ya sare na orodha ya waliochelewa mazoezini. Hayo yote yamo, na wengine wenu mngeshangaa kuona ni mara ngapi baba zenu walitozwa faini. Lakini kitu kilichonivuta zaidi ni mahali. Katika miaka ya mwanzo, karibu kila ukurasa unataja mahali ambapo si kanisani: Arboretum, Uhuru Park, City Park, na mara moja Jeevanjee. Kwaya hii, ambayo leo ina vipaza sauti vinne na kinanda cha umeme, ililelewa nje, katika bustani za jiji la Nairobi.

Historia ya wenyeviti na walimu wa kwaya mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mimi naomba niwasimulie hizo bustani. Nina sababu yangu, na nitaitaja mbele.

Kanisa letu lilipokuwa bado la mabati, kiwanja kilikuwa kidogo na ukumbi haukuwapo. Jumamosi alasiri kanisa lilihitajika kwa arusi, kwa kipaimara, au kwa mikutano ya akina mama. Kwaya ikakosa pa kwenda. Ndipo mwalimu wetu wa kwanza alipowaambia wanakwaya wabebe vitabu vyao na chupa ya maji, wakutane Arboretum saa nane. Kutoka mtaani kwetu walitembea kwa miguu, kwa sababu nauli ya matatu ya kwenda na kurudi haikuwa kitu cha kuchezea. Wazee wanaosimulia safari hizo husema kwamba mazoezi yalianza njiani, sauti ya nne ikitembea mbele na sauti ya kwanza nyuma.

Arboretum ni ya mwaka 1907. Nairobi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka minane tu wakati huo, kwa maana reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1899, na mji ukaota kama kambi ya wajenzi kwenye eneo la majimaji ambalo Wamaasai waliliita kwa jina la maji baridi. Gari la moshi la siku zile lilikuwa na njaa kubwa ya kuni. Misitu ya karibu ilikatwa haraka kuliko ilivyoota, na serikali ya kikoloni ikataka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi na kulisha injini. Basi mahali hapo palianzishwa kama shamba la majaribio. Miti ililetwa kutoka nchi nyingi, ikapandwa safu kwa safu, ikapimwa. Mwaka 1932 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi. Leo ni kama hekta 30, lenye mamia ya aina za miti, ya kigeni na ya kwetu.

Huwa nawaambia wanafunzi wangu wa darasa la sita jambo hili nao hucheka: kwamba mahali tunapopendea kupumzikia palianza kama mpango wa kutafuta kuni. Injini zilibadilika, zikaacha kuni, lakini miti ilibaki. Hakuna mkoloni aliyekaa chini akapanga kwamba siku moja kwaya ya Waafrika itasimama chini ya mikalitusi yake ikijifunza sauti nne. Katika enzi hizo za ukoloni ilifika hatua Mwafrika akatembea mjini na kipande kimening'inia shingoni, na kupumzika bustanini hakukuwa jambo lililopangwa kwa ajili yake.

Sasa, kuimba nje si sawa na kuimba ndani. Wanakwaya wa leo mnaolalamika kwamba kipaza sauti cha kushoto kinakoroma, sikilizeni. Ndani ya kanisa ukuta unakurudishia sauti yako, hata mvivu husikika mzuri. Chini ya miti hakuna kinachorudi. Ukiimba kwa koo tupu, sauti yako inaanguka mita tatu mbele yako. Mwalimu aliwapanga sauti ya nne juu ya mteremko na sauti ya kwanza chini, akasimama mbali kabisa, karibu na njia, na mtu ambaye maneno yake hayakumfikia alirudia ubeti peke yake. Hakukuwa na kinanda. Alikuwa na filimbi ndogo ya kutolea sauti ya kuanzia, na kila kitu kingine kilikuwa solfa ubaoni, ubao wenyewe umeegemezwa kwenye shina la mti. Tima walio wengi hawa wa siku zile walijifunza kusoma solfa pale, baadhi yao kabla hawajajua kusoma Kiingereza vizuri. Nasikia pia kwamba tumbili walijifunza saa ya mapumziko kuliko wanakwaya wengine, na mkate wa kwaya uliibwa zaidi ya mara moja. Jambo hilo limo katika kumbukumbu, chini ya kichwa cha mali iliyopotea.

Na baada ya mazoezi watu hawakukimbilia nyumbani. Nadhani hapa ndipo kwaya ilipozaliwa hasa. Waliketi kwenye nyasi, wakanywa chai ya chupa, wakala mahindi ya kuchoma yaliyonunuliwa langoni. Wengine walikuwa mayaya, wengine makarani, mmoja fundi wa viatu, wawili wanafunzi wa chuo. Nyumba zao zilikuwa chumba kimoja kimoja, wengine wakilala watu sita. Saa mbili za kuketi mahali penye kivuli, bila mtu kukuuliza unanunua nini, zilikuwa utajiri wao. Ndoa saba za wanakwaya zinatajwa katika madaftari ya muongo wa kwanza. Sijui ni ngapi zilianzia kwenye nyasi zile, lakini nawajua wazee wawili wanaotabasamu ukiwauliza.

City Park tulikwenda kwa pikiniki tu, mara mbili tatu kwa mwaka, na nitapita haraka. Ila vijana ningependa mjue kwamba pale amezikwa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi Februari 1965, na karibu naye Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Murumbi na Pinto walikuwa marafiki wakubwa. Watoto wetu wamepigia picha pale miaka mingi bila kusoma mawe yale.

Jeevanjee ina hadithi yake. Bustani ile ya katikati ya mji ilitolewa kwa wananchi mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetoka Karachi, ambaye pia ndiye aliyeanzisha gazeti lililokuja kuwa The Standard. Alitoa ardhi yake, akaweka na sanamu ya Malkia Victoria, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Mwaka 1991 ukatokea mpango wa kuijenga bustani hiyo, maegesho ya magari na biashara. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kuipinga pamoja na watu wengine wengi, na mpango ukaanguka. Baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu maisha ya babu yake. Leo ukipita Jeevanjee saa saba mchana utamkuta mhubiri huku, mchekeshaji kule, wazee wakibishana siasa kwenye benchi, na karani mmoja amelala na gazeti usoni. Kwaya yetu iliimba pale mara moja katika mkutano wa injili wa saa ya chakula cha mchana. Kumbukumbu zinasema sadaka ilikuwa ndogo na wasikilizaji walikuwa wengi.

Lakini bustani ambayo siwezi kupita haraka ni Uhuru Park.

Mzee Jomo Kenyatta aliifungua mwezi wa Mei 1969. Kwa wengi wetu tuliozaliwa mitaa ya mashariki ya jiji, Uhuru Park ndiyo iliyokuwa Krismasi. Unavalishwa nguo mpya, mnashuka mjini na mama, mnapanda mashua kwenye lile bwawa kwa dakika chache za kupimwa, halafu mpiga picha anawapanga mbele ya maua na kuandika anwani yenu kwenye karatasi. Nina picha moja ya namna hiyo. Nimekunja uso kwa sababu viatu vilinibana. Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza Misa pale mwaka 1980 na tena mwaka 1985, na ndugu zetu Wakatoliki wa mtaani bado husimulia umati ule. Katiba yetu ya sasa ilitangazwa rasmi pale, tarehe 27 Agosti 2010.

Mwaka 1989 ilibaki kidogo tuikose. Kulikuwa na mpango wa kujenga ndani ya bustani jengo la ghorofa 60, ambalo lingekuwa refu kuliko yote Afrika, makao ya gazeti la chama tawala, pamoja na sanamu kubwa ya Rais wa wakati huo. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipopata habari akaanza kuandika barua. Aliandikia ofisi za serikali, akawaandikia na wageni waliohusika, akiuliza kama wangekubali jengo kama hilo katika bustani kubwa za miji yao wenyewe. Hakujibiwa vizuri. Wabunge walitumia muda wa Bunge kumdhihaki yeye na akina mama wenzake kwa sababu ameachika. Shirika lake la Green Belt Movement lilifukuzwa katika ofisi za serikali kwa notisi fupi, akalihamishia nyumbani kwake South C. Hata hivyo wafadhili wa mradi wakaanza kurudi nyuma, jengo likapunguzwa kwenye karatasi, kisha likaachwa kabisa. Ua lililokuwa limezungushwa liliondolewa mwaka 1992.

Mwezi huohuo wa Februari 1992, ua likiwa limeondoka, akina mama wazee walifika kwenye kona ya Uhuru Park. Watoto wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 28. Walikuwa wamekwenda kwa Mwanasheria Mkuu kuomba wana wao wafunguliwe, kisha wakaketi pale kufunga na kungoja jibu. Profesa Maathai alikuwa pamoja nao. Waliomba, wakaimba nyimbo za dini, na watu wakaanza kuja.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa mama mmoja wa sauti ya pili katika kwaya yetu. Yupo hadi leo, ila sasa huimba akiwa ameketi. Ameniruhusu nisimulie mradi nisimtaje jina. Wakati huo alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini. Ijumaa ile saa ya chakula cha mchana alisikia wimbo anaoujua ukitoka bustanini, akavuka barabara kuangalia ni kwaya gani. Akakuta ni vikongwe kwenye mablanketi. Aliniambia, mwanangu, sauti ya pili haikuwapo, wote walikuwa wakiimba ya kwanza, basi nikaketi nikawapa ya pili. Alirudi Jumamosi badala ya kuja mazoezini. Alirudi Jumapili baada ya ibada. Jumanne tarehe 3 Machi alipofika kwenye kona alikuta moshi wa kutoa machozi na polisi wenye marungu. Profesa Maathai alipigwa hadi akazimia akapelekwa hospitali. Baadhi ya wale akina mama wazee walivua nguo mbele ya polisi, na kila Mkenya aliyelelewa na bibi anajua hiyo ni laana ya namna gani. Mama yetu alikimbia na kiatu kimoja. Alifika ofisini hivyo hivyo, akaketi kwenye mashine yake akaendelea kupiga taipu, na hakuna aliyemuuliza.

Bustani ikazungukwa na polisi. Akina mama wakahamia ng'ambo ya barabara, katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, chini ya kanisa, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Mama yetu alikuwa akipitia pale Jumamosi na chupa mbili za chai. Mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakiombewa walikuwa wameachiliwa.

Nilitafuta habari hizi katika madaftari yetu. Kwa wiki ile kuna sentensi moja tu, kwamba mazoezi hayakufanyika kwa sababu ya hali ya mji. Juu yake wamejadili vitambaa vya sare, chini yake deni la kinanda. Mimi pia ni katibu, najua mkono unavyokuwa mzito. Siku zile kuandika kungemtia mtu taabuni. Lakini mwanakwaya wetu aliimba pale, na miaka thelathini na zaidi imepita bila jambo hilo kuandikwa popote katika karatasi za kwaya. Sasa limeandikwa.

Kuhusu Karura nitasema kwa ufupi, maana vijana wa kwaya mnaijua kuliko mimi kutokana na matembezi yetu ya Madaraka Dei. Ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji. Mwishoni mwa miaka ya tisini vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi kimyakimya, na tarehe 8 Januari 1999 Profesa Maathai na wenzake walivamiwa langoni walipokwenda kupanda mche. Alitoka na damu kichwani. Ilichukua miaka mingine kumi kabla ya watu wa kawaida kuweza kutembea mle bila hofu ya wezi, baada ya wakazi wa jirani na idara ya misitu kuanza kuutunza pamoja. Yale maporomoko ya maji mliyopigia picha mkiwa na fulana za kwaya yangekuwa leo nyuma ya ukuta wa mtu.

Sasa nije kwenye sababu niliyosema nitaitaja.

Wengi wenu mnajua kwamba kona ya chini ya kiwanja chetu, penye ule mti wa jakaranda, imependekezwa ijengwe vibanda vya kupangisha. Sitaki kutumia kijitabu cha sherehe kufanya siasa ya kanisa, na kamati imenikumbusha hivyo kwa upole. Pendekezo lina uzito wake. Kanisa bado lina deni la ukumbi. Kodi ya vibanda kumi ingelipa karo ya watoto wengi wasiojiweza, na mimi ni mwalimu, nawajua watoto hao kwa majina na kwa madeni yao. Mzee aliyeleta pendekezo hilo ni mtu ninayemheshimu, na aliimba sauti ya tatu miaka ishirini.

Lakini nilipokuwa nikisoma madaftari nilianza kuhesabu Jumamosi moja, nimeketi kwenye ngazi za ukumbi, ni nani anaitumia ile kona. Asubuhi walikuwako watoto wa mtaani wakicheza mpira wa makaratasi. Saa nne walikuja wazee wawili na bao lao, wakacheza hadi chakula cha mchana bila kusemezana, isipokuwa mmoja alipodai kete imeibwa. Mama anayeuza mandazi alipumzisha miguu. Msichana wa kidato cha nne alisoma pale hadi jua lilipomfikia akasogea. Saa nane wanakwaya wachache walifika mapema, na badala ya kuingia ukumbini wakaketi chini ya mti wakapitia wimbo wa jubilei bila kinanda. Nilihesabu watu 43 kabla sijaenda kufungua mlango. Mtaani kwetu nyumba zimebanana, barabara haina hata njia ya miguu, na kiwanja cha shule kimefungwa kwa kufuli mwishoni mwa wiki. Sijui sehemu nyingine hapa karibu ambapo watu 43 wanaweza kuketi bure.

Jakaranda si mti wa kwetu, ulitoka Amerika ya Kusini, na yule wetu alipandwa na kwaya. Hilo nalo limo katika daftari la pili. Mche ulitolewa Arboretum, ukabebwa kwa miguu hadi hapa, wanakwaya wakipokezana. Aliyeubeba kipande cha mwisho ni yule mzee wa sauti ya tatu. Nilimwonyesha ukurasa huo wiki mbili zilizopita. Aliusoma mara mbili, akavua miwani akaifuta, akaniuliza kama daftari linasema pia ni nani aliyekuwa akiumwagilia. Halisemi. Akasema ni yeye.

Mkutano mkuu wa washirika utafanyika Jumapili ya pili baada ya jubilei, mara baada ya ibada ya pili, na ajenda itabandikwa mlangoni. Madaftari yote nimeyaweka kabatini ofisini, na yeyote anayetaka kuyasoma aniambie nimpe ufunguo, mradi asiyatoe nje.

Mazoezi ya mwisho kabla ya sherehe ni Jumamosi saa nane kamili. Ukumbi utakuwa ukipambwa, hivyo tutakutana chini ya mti. Njooni na maji ya kunywa. Sauti ya nne, tafadhali msichelewe.